Kufundisha Uislamu darasani: mikabala minne, na upi ukufae

Ramadhani ikikaribia, nyumba moja ya Mombasa huweza kuwa na mama anayesubiri tangazo la Kadhi Mkuu na mwanawe aliyekwisha kula daku kwa sababu mwezi umeonekana Saudia. Kitabu cha shule kina sentensi moja: Waislamu hufunga baada ya mwezi kuandama. Sentensi hiyo haina kosa. Lakini mwanafunzi aliyeishika hiyo tu hawezi kueleza kwa nini mama na mwana wataswali Idi siku mbili tofauti, na asiye Mwislamu ataondoka akidhani mmoja wao amekosea dini yake.

Tutaitumia mada hiyo moja, mwezi na saumu, kuilinganisha mikabala minne ya kufundisha Uislamu: wa kulea imani, wa kifenomenolojia (kuitazama dini bila kuihukumu), wa kifasiri na wa kuhoji ukweli. Mitatu ya mwisho ilikuzwa zaidi Uingereza, ambako somo la dini limekuwa la lazima kisheria tangu mwaka 1944. Wa kwanza ni wa kale kuliko yote, nao ndio unaotawala katika vyuo vya Qurani, madrasani, na kwa kiasi kikubwa katika somo la shule la dini ya Kiislamu, linaloitwa IRE Kenya na EDK Tanzania.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Ufasiri unaozungumzwa hapa si tafsiri ya Qurani. Si tafsiri ya Jalalayn wala si ile ya Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Ni namna ya kumsaidia mwanafunzi aelewe maisha ya dini ya mtu mwingine kwa maneno ya mtu huyo, kisha ayapime na maisha yake mwenyewe. Walimu wengi wa madrasa huukataa mkabala huu kwa jina lake tu, wakidhani unamruhusu mtoto aifasiri Aya atakavyo.

Kwanza tazama nani ameketi mbele yako

Mkabala hauchaguliwi kwa uzuri wake vitabuni. Huchaguliwa kwa aina ya darasa na kwa kile mwalimu anachodaiwa na darasa hilo.

Mwalimu wa IRE kidato cha tatu ana wanafunzi Waislamu, vipindi vya dakika 40, na mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wenye karatasi mbili, 314/1 na 314/2. Wazazi wanamtazamia alee dini, na baraza la mitihani linamtazamia afundishe hoja zinazohesabika. Mwalimu wa madrasa ya wikendi Leicester au Toronto naye ana watoto Waislamu, lakini hao hukaa siku tano za juma katika shule ambamo wanaulizwa maswali ambayo mwalimu wa madrasa hayasikii.

Mwalimu wa shule ya serikali Uingereza yuko mahali pengine kabisa. Sheria ya elimu ya 1988 inataka mtaala wa dini utambue kwamba mapokeo ya dini nchini humo kwa sehemu kubwa ni ya Kikristo, na wakati huohuo uzingatie mafundisho na desturi za dini nyingine kuu. Katika shule zisizo za dini maalumu zilizo chini ya halmashauri mtaala hutungwa na kila eneo, haukusudiwi kumwingiza mtoto katika dini yoyote, na mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe katika somo. Mwalimu mwenyewe huenda si Mwislamu, na pengine alisomea jiografia. Hili la mwisho huamua mengi kuliko watu wanavyokiri.

Kulea imani: kufundisha kutoka ndani

Hapa mwalimu anasema "sisi". Somo la mwezi huanza na Sura ya pili, Aya ya 185, kisha hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inayoamuru kufunga kwa kuuona mwezi na kufungua kwa kuuona. Halafu huja hukumu. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani yetu, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuthibitisha Ramadhani, lakini Shawwal, mwezi wa Idi, huhitaji wawili. Mwanafunzi anahifadhi dua ya kuona hilali, anajifunza kuweka nia usiku, na kipindi kimekwisha.

Nguvu yake ni kwamba kinachofundishwa kinatendeka jioni hiyohiyo. Mtoto hatoki na maelezo kuhusu saumu, anatoka akijua kufunga. Hakuna mkabala mwingine kati ya hii unaoweza kumfundisha mtu tajwidi, yaani usomaji sahihi wa Qurani, adabu za msahafu au utulivu wa swala, na wanaoudharau kwa kuwa "ni wa kukariri" hawajakaa na mwalimu mzuri wa chuo akasikia jinsi anavyomsahihisha mtoto herufi ya `ain kwa subira, mara ya kumi, pasipo kumvunja moyo.

Unapoharibika huharibika mahali pamoja: pale mwalimu anapoifanya kauli ya madhehebu yake kuwa ndiyo Uislamu wote. Katika darasa la IRE la Mombasa anaweza kuwamo mtoto wa Kibohora, ambaye jamaa yake huhesabu mwezi kwa kalenda ya hisabu iliyorithiwa tangu enzi za Wafatimi, hivyo huanza Ramadhani siku moja au mbili kabla ya jirani zake. Anaweza kuwamo Mshia wa Kikhoja Ithnaasheri, ambaye hafuturu jua linapozama bali husubiri kidogo hadi wekundu wa upande wa mashariki uondoke. Unguja anaweza kuwamo Muibadhi, ambaye si Sunni wala si Mshia. Mwalimu akisema "Waislamu hufanya hivi" na mtoto akajua nyumbani kwao hawafanyi hivyo, atanyamaza. Kunyamaza huko walimu wengi hukuchukulia kuwa ni kuelewa.

Kifenomenolojia: kutazama bila kuhukumu

Mkabala huu unafungamana na Ninian Smart, aliyeanzisha idara ya masomo ya dini katika Chuo Kikuu cha Lancaster mwaka 1967. Waraka wa baraza la shule la Uingereza wa 1971 ndio uliousambaza madarasani. Wazo ni kwamba mwanafunzi aweke kando hukumu zake kwa muda, aitazame dini kama inavyojidhihirisha, na aipange kwa nyanja: mafundisho, visa vitakatifu, maadili, ibada, uzoefu wa kiroho na jamii. Hizo ni sita. Baadaye Smart aliongeza ya saba, vitu na majengo.

Somo la saumu kwa njia hii ni jepesi kuandaa. Mwalimu analeta mswala, tasbihi, tende na ratiba ya swala ya msikiti wa karibu, anaonyesha picha za watu wakifuturu, na wanafunzi wanajaza jedwali la nyanja saba. Kwa mwalimu aliyesomea jiografia na amepewa somo la dini Ijumaa mchana, hii ndiyo njia inayomwokoa. Watoto wadogo huipenda kwa sababu wanashika vitu.

Makosa ya kiutendaji yanajulikana. Msahafu haupitishwi mkono kwa mkono darasani wala hauachwi sakafuni. Uweke juu ya marufaa, mahali pa juu, ufunguliwe na mtu aliye tayari kuushika, na wengine watazame. Usiwaagize watoto waigize sijda ili "wahisi" swala: mzazi asiye Mwislamu ataona mwanawe ameswalishwa, na mzazi Mwislamu ataona ibada imegeuzwa mchezo. Usimpe mtoto kazi ya kuchora Mtume, hata kwa nia njema.

Kasoro kubwa zaidi iko ndani ya mkabala wenyewe. Jedwali likijaa, unapata Uislamu usio na watu. Nyanja ya ibada: wanafunga. Nyanja ya mafundisho: Mungu mmoja. Yule mama na mwanawe wa Mombasa hawana kisanduku cha kuingia. Farid Panjwani, aliyeichunguza mitaala ya maeneo ya Uingereza, alionyesha jinsi inavyouwasilisha Uislamu kama kitu kimoja kisicho na historia wala mabishano. Na kuweka hukumu kando si jambo ambalo mtoto wa miaka 12 hulifanya kwa kuambiwa. Hukumu zake zipo, zinangoja nje ya mlango.

Kifasiri: kutoka kwa mtu hadi mapokeo, na kurudi

Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Warwick aliuweka mkabala huu katika umbo lake kamili mwaka 1997, baada ya miaka ya utafiti wa kiethnografia, yaani wa kuwafuatilia watu katika maisha yao, ukiwamo ule alioufanya pamoja na Eleanor Nesbitt kati ya watoto wa Kihindu mjini Coventry. Aliona kwamba watoto waliokuwa mbele yake hawakufanana na "Uhindu" wa vitabu vya shule. Akaazima zana kutoka kwa mwanaanthropolojia Clifford Geertz, akajenga juu ya misingi mitatu.

Wa kwanza ni uwakilishi. Dini isionyeshwe kama furushi lililofungwa. Ionyeshwe kwa ngazi tatu zinazoangaliana: mtu binafsi, makundi anamoishi, yaani msikiti, madhehebu, kabila, ukoo, tarika, na mapokeo mapana. Mtu huathiriwa na ngazi zote lakini hafanani kabisa na yoyote.

Wa pili ni ufasiri wenyewe. Mwanafunzi huanza na maneno ya wenyewe, yale ya karibu na maisha yao: daku, nia, futari, mwezi mwandamo. Hayatafsiriwi upesi kuwa maneno ya jumla. Kisha anatafuta katika maisha yake kitu kinachofanana na kile anachosoma, na, hili ndilo walimu husahau, anataja mahali kinapoacha kufanana.

Wa tatu ni kujitafakari. Mwanafunzi anatazama upya mawazo aliyokuja nayo, anapima kile alichosoma, na hata anaihoji njia aliyofundishiwa. Michael Grimmitt, mwaka 1987, alitenganisha kujifunza juu ya dini na kujifunza kutokana na dini, na mitaala mingi ya Uingereza ikaufanya mgawanyo huo sehemu mbili za somo. Jackson haoni haja ya kuvitenga. Mtu hubadilika katika kule kule kufasiri, si katika swali la mwisho wa kipindi la "wewe unaonaje?"

Sasa somo lenyewe. Linahitaji vipindi viwili vya dakika 40, au kimoja cha saa moja na robo.

Anza kabla ya kusoma chochote. Kila mwanafunzi aandike sentensi tatu: anavyodhani Waislamu wanajuaje siku ya kuanza kufunga. Karatasi zikusanywe, zisisomwe kwa sauti. Dakika tano.

Kisha toa maandishi ya watu watatu, kila mmoja maneno yasiyozidi 250. Tuseme wa kwanza ni msichana wa miaka 13 wa Birmingham ambaye msikiti wao hufuata tangazo la Saudia. Wa pili ni mvulana wa Leicester ambaye baba yake husubiri mwezi uonekane Uingereza au nchi ya jirani. Wa tatu ni msichana wa Lamu anayeeleza watu wanavyopanda darini kuutafuta mwezi. Watatu wanatosha. Ukiweka mmoja, darasa litamfanya ndiye Uislamu. Ukiweka watano, hawatamkumbuka hata mmoja. Wanafunzi wazungushie duara maneno ambayo msemaji ameyatumia kwa namna yake, na waandike kando wanavyodhani yana maana gani kwake. Dakika 20.

Halafu ulinganifu. Swali lisiwe "umewahi kufunga?" Liwe hivi: ni lini familia yako ilisubiri habari kutoka nje ili ijue kesho itakuwa siku ya namna gani? Majibu huja yenyewe: matokeo ya mtihani, theluji ya kufunga shule, simu ya hospitali. Kila jibu lifuatwe na sentensi inayoanza na "lakini hailingani kwa sababu". Bila sentensi hiyo somo huporomoka na kuwa "saumu ni kama kupunguza uzito", na hapo ni heri usingefundisha kabisa.

Kipindi cha pili panda ngazi. Makundi kwanza: kwa nini msikiti huu unafuata Saudia na ule haufuati? Hapa mwalimu anahitaji kujua kitu. Katika Sahihi Muslim kuna kisa cha Kurayb, aliyekuwa Sham (eneo la Syria), mwezi ukaonekana huko usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi alimkuta sahaba Ibn Abbas na wenzake wameuona usiku wa kuamkia Jumamosi. Kurayb akauliza kama kuonekana kwa mwezi na Muawiya, mtawala wa Sham, hakuwatoshi. Ibn Abbas akakataa, akasema hivyo ndivyo walivyoamrishwa na Mtume. Mashafi wameegemea hapo kusema kila mji una mwandamo wake pale matlai, yaani mahali mwezi unapochomozea, zinapotofautiana. Mahanafi, kwa kauli yao mashuhuri, husema ukionekana mahali pamoja unawalazimu wote. Ajabu, basi, familia ya Kihanafi yenye asili ya Pakistani inayosubiri mwezi wa karibu haifuati kauli mashuhuri ya madhehebu yake, na Mshafi wa pwani anayefuata Saudia vilevile. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, ameelewa ngazi tatu kuliko angalivyoelezwa.

Ngazi ya mapokeo: Aya ya 185, hadithi ya kuona mwezi, na swali la hisabu za kifalaki. Kama darasa liko Uingereza, ongeza alfajiri. Mombasa saumu huchukua saa 13 na kidogo mwaka mzima. Coventry mwezi Juni hupita saa 18, na kwa majuma kadhaa jua halishuki nyuzi 18 chini ya upeo wa macho, hivyo ile alama ya alfajiri inayotumiwa katika kalenda nyingi haitokei kabisa. Misikiti miwili ya mtaa mmoja inaweza kuwa na imsaki (saa za kuacha kula daku) zinazopishana kwa saa nzima. Hakuna anayezembea dini hapo; kila mmoja amechagua kanuni ya kukadiria.

Malizia kwa kurudisha zile karatasi za mwanzo. Kila mmoja asahihishe alichoandika, aongeze swali moja kwa mwalimu kuhusu maandishi yenyewe: ni nani hakusikika? Darasa la umakini litasema hakuna Mshia, au hakuna asiyefunga. Hilo ni jibu zuri, na mwalimu asijitetee.

Panapoharibika ni hapa. Kwanza, maandishi. Ni lazima yatoke kwa watu wa kweli, wazazi waridhie kwa maandishi ikiwa msemaji ni mtoto, jina libadilishwe, na msemaji asome kilichoandikwa kabla hakijafika darasani. Mwalimu akiyatunga mwenyewe kichwani huishia kuandika sentensi za kitabu kwa sauti ya mtoto, na wanafunzi hulitambua hilo mara moja. Kuandaa seti moja ya watu watatu huchukua wiki mbili hadi tatu, na walimu wengi huachia hapo.

Pili, mwanafunzi Mwislamu aliyemo darasani. Usimgeuze balozi. Swali la "hebu tuambie, ninyi mnafanyaje?" humweka katika mtego: akikosea ameiaibisha dini, akisema ya kwao tu ameidanganya hadhira. Awe huru kuchangia au kukaa kimya, na aruhusiwe kusema "kwetu hatufanyi hivi" pasipo kudaiwa dalili.

Tatu, kuelea. Darasa likisikia watu watatu wenye desturi tatu, baadhi ya wanafunzi huhitimisha kwamba kila mtu anajifanyia. Ndiyo maana ngazi ya mapokeo hairukwi. Anayeishia kwa mtu binafsi amefundisha mahojiano, hajafundisha Uislamu.

Kuhoji ukweli

Andrew Wright wa King's College London aliishambulia mikabala miwili iliyotangulia kwa hoja moja: inakwepa swali ambalo dini zenyewe hulipa uzito wa kwanza. Je, ni kweli? Qurani haisemi kwamba saumu ni desturi ya watu fulani. Inasema imeamrishwa. Kumfundisha mwanafunzi kuelewa hisia za anayefunga, bila kumwezesha kupima dai hilo, kwa maoni ya Wright ni kumwacha nusu njia.

Somo lake lina hatua nne: dai, ushahidi unaotolewa na wenye dai, madai yanayopingana nalo, na hukumu ya mwanafunzi yenye sababu. Mwezi si mada yake nzuri sana, ingawa swali la kama hisabu ya falaki inaweza kubatilisha ushahidi wa macho linafaa, maana mtu akishuhudia ameuona mwezi usiku ambao kwa hisabu ulikwisha tua kabla ya jua, upande mmoja lazima uwe na kosa. Mada inayong'aa hapa ni Sura ya nne, Aya ya 157, inayokana kusulubiwa kwa Isa. Waislamu na Wakristo hawawezi wote kuwa sahihi katika hilo, na adabu ya kuheshimiana haiondoi mgongano.

Unadai mwalimu mwenye elimu ya dini zaidi ya moja na mkono wa kuongoza mjadala. Kwa Afrika Mashariki hatari yake ina jina: mhadhara. Watoto wetu wamewaona wahubiri wakishindana viwanjani, Biblia mkono mmoja na Qurani mkono wa pili, umati ukishangilia. Ukiuliza darasa mchanganyiko la Tanga "ni kweli au si kweli?" bila maandalizi, watajua mara moja mchezo gani wa kucheza. Kinga ni kumpa kila mwanafunzi kazi ya kueleza hoja yenye nguvu zaidi ya upande asiokuwa wake, kwa maandishi, kabla hajaruhusiwa kunena. Na usianze nao chini ya miaka 14.

Kwa kuitazama upande kwa upande

| | Kulea imani | Kifenomenolojia | Kifasiri | Kuhoji ukweli |
|---|---|---|---|---|
| Darasa linalofaa | Waislamu watupu | Mchanganyiko, wadogo | Mchanganyiko, au Waislamu wa madhehebu mbalimbali | Mchanganyiko, miaka 14 kwenda juu |
| Elimu anayohitaji mwalimu | Fiqhi na Qurani, kwa kina | Ya kawaida | Ya wastani, pamoja na maarifa ya jamii za Waislamu | Ya dini zaidi ya moja, na mantiki |
| Maandalizi ya mada moja | Saa moja | Siku moja | Wiki 2 hadi 3 mara ya kwanza | Siku kadhaa |
| Kinachoweza kwenda kombo | Madhehebu moja kuwa dini yote | Uislamu usio na watu | Kila mtu na lake | Mhadhara |
| Mtihani wa IRE au EDK | Unaendana nao | Husaidia kidogo | Husaidia kuelewa, hauleti alama moja kwa moja | Hauendani |

Mstari wa mwisho uchukuliwe kwa uzito. Maswali mengi ya mitihani huomba hoja zilizoorodheshwa, na msahihishaji hana alama ya kumpa anayejibu kwamba inategemea unamuuliza nani. Mwalimu wa IRE anayeacha hukumu za saumu ili afundishe kwa ufasiri peke yake anawadhulumu wanafunzi wake. Kwa mada ya saumu yenye vipindi vitano, vitatu viwe vya kulea imani, kimoja cha mazoezi ya maswali, na kimoja tu cha kifasiri, kiwekwe katikati, si mwisho, ili maswali yatakayozuka yapate nafasi ya kujibiwa kwa fiqhi. Mada nyingine zinazobeba kipindi cha aina hiyo vizuri ni maulidi, ziara za makaburi, mavazi ya mwanamke na qunuti ya alfajiri. Mirathi haibebi, fundisha mafungu yake kwa hisabu uende zako.

Kwa shule ya serikali Uingereza tungeuchukua wa kifasiri uwe uti wa mgongo, na ule wa kuhoji ukweli uingie miaka miwili ya mwisho. Mtihani wa GCSE, unaofanywa kwa kawaida na wenye miaka 16 na uliobadilishwa mwaka 2016, unataka dini mbili zisomwe, na ndani ya kila moja mitazamo tofauti itajwe. Mwanafunzi aliyezoea ngazi tatu huandika "baadhi ya Waislamu" akijua ni akina nani, si kwa kujihami. Wa kifenomenolojia ubaki kwa watoto wa miaka 5 hadi 9, na kwa mwalimu aliyepewa somo jana.

Madrasa ya wikendi ndiyo inayosahauliwa, na huenda ndiyo inayouhitaji mkabala wa kifasiri kuliko shule. Darasa la Leicester lina Msomali, Mgujarati, Mzanzibari na Mwislamu aliyesilimu juzi, wote Sunni, wote na desturi tofauti za mikono katika swala. Mwalimu hana haja ya maandishi. Watu wenyewe wamo chumbani. Anachohitaji ni kanuni moja: kabla ya kumsahihisha mtoto, muulize nani alimfundisha hivyo nyumbani, na kwa nini. Ikiwa kuna msingi wa madhehebu, mwambie jina la madhehebu hayo. Ikiwa hakuna, msahihishe kama chuoni. Ukifanya kinyume, ukaita kosa kile ambacho Imamu Malik anakikubali, babu yake atakuja mlangoni Jumamosi ijayo, na atakuwa na haki.

Idi ikiangukia siku mbili, rejesta ya shule itaonyesha baadhi ya wanafunzi Waislamu hawapo Jumanne na wengine hawapo Jumatano. Wenzao watauliza kulikoni. Weka somo la mwezi wiki inayotangulia, si inayofuata: likija baada ya Idi, darasa limekwisha amua nani alisema uongo ili apate siku ya mapumziko.